Sauti na Mwenye Sauti

Miongoni mwa mambo ambayo mtu huyafanya bila ya kujiuliza maana yake ni kwenda kumwona mwimbaji ampendaye. Hutoka nyumbani kwake, hulipa nauli na kiingilio, huketi juu ya kiti kigumu katika chumba kisicho kikubwa, akasikiliza nyimbo ambazo amekwisha kuzisikia mara mia. Akiulizwa alikwenda kutafuta nini, hujibu kwamba anaipenda sauti ile. Jibu hilo halitoshi, maana sauti ilikuwa naye nyumbani. Kilichokuwa mbali naye ni mwenye sauti. Basi swali linalostahili kupimwa ni hili: mtu aipendaye sauti, je, amempenda mwenye sauti? Na ikiwa amempenda, mapenzi hayo yampa haki gani juu yake, na yamtwika wajibu gani?

Yamkini swali hili litaonekana dogo, na wengine watalihesabu kuwa ni la wakati wa starehe tu. Lakini starehe ni mahali ambapo tabia ya mtu huonekana bila ya kujificha. Mahakamani na kazini mtu hulazimishwa na sheria kutenda haki. Penye burudani halazimishwi na yeyote. Namna anavyomtumia mtu anayempa furaha yaeleza jinsi anavyowafikiria watu wengine wote.

Kwa muda mrefu wa historia ya wanadamu swali lenyewe halikuwapo, kwa kuwa sauti haikuweza kusikiwa pasipo kinywa. Mtu wa Ugweno wa zamani, katika milima ya Upare ya kaskazini, aliposikia wimbo alimwona pia aliyeuimba, na aghalabu alimjua baba yake na babu yake. Wimbo wa kazi uliimbwa na watu waliokuwa wakifanya kazi. Wimbo wa kilio uliimbwa na watu waliofiwa. Msikilizaji hakuwa mbali na wimbo, maana mara nyingi yeye ndiye aliyeuitikia. Ikaja santuri, ikaja redio, ikaja kaseti, na leo imekuja simu ya mkononi. Mtu aliye shambani kati ya migomba na mibuni, mahali ambapo kukiwa na uwazi Ziwa Jipe huonekana chini bondeni, aweza kuwa na sauti ndani ya sikio lake, sauti ya mtu ambaye hajapata kumwona wala kujua anakula nini na analala wapi. Sauti imepanda mlima, mwenyewe amebaki asikojulikana.

Jinsi sauti ilivyoachana na mwenyewe katika nchi hizi za Afrika ya Mashariki yaonekana wazi katika maisha ya mwimbaji mmoja wa Unguja. Siti binti Saad alizaliwa Fumba karibu na mwaka 1880, katika jamaa yenye asili ya utumwa, na jina lake la kwanza lilikuwa Mtumwa. Alikuwa muuza vyungu. Mwaka 1911 alihamia mjini, akafundishwa uimbaji, akajiunga na wenzake wapigaji wakawa kundi moja. Siti, yaani bibi mwenye heshima, ni jina alilopata baadaye kwa kazi ya koo lake. Kabla ya mwaka 1928, kila aliyetaka kumsikia alipaswa kumwalika au kumwendea. Nyumba yake ilikuwa Ng'ambo, upande wa mji waliokokaa wanyonge, na watu walikusanyika huko usiku wasikilize. Mwaka huo wa 1928 alivuka bahari pamoja na wenzake mpaka Bombay, wakaimba mbele ya mitambo ya kampuni ya His Master's Voice, na santuri zao zikaenea visiwani, pwani na bara. Tangu siku hiyo palikuwa na Siti wawili: mmoja aliyekaa Ng'ambo, na mwingine aliyezunguka ulimwenguni katika bamba jeusi.

Ingekuwa rahisi kusema kwamba yule wa kwanza alikuwa wa kweli na yule wa pili kivuli. Insafu hairuhusu kusema hivyo kwa haraka. Santuri ilimtendea Siti haki ambayo macho ya watu hayakumtendea. Alipoanza kusifika, wenye husuda walimtungia maneno ya kejeli juu ya mavazi yake, asili yake na sura yake, naye akawajibu kwa wimbo uliopima thamani ya mtu kwa akili, si kwa uso wala kwa ukoo. Bamba la santuri halina uso wala ukoo. Aliyelisikiliza hakuweza kudharau kaniki wala rangi wala umri. Alilazimishwa kuanza na kitu bora kuliko vyote alivyokuwa navyo mwimbaji. Basi yuko atakayeuliza kwa haki: ikiwa kutomwona mtu kwaweza kumwondolea dharau, kwa nini kumwona kusifiwe? Si afadhali sauti isafiri peke yake, na mwenyewe aachwe na amani yake?

Hoja hiyo ni nzito, na haiondoki kwa kupuuzwa. Lakini itazamwe nyumba ile ya Ng'ambo, ukaguliwe upungufu wa santuri. Nyimbo za Siti na wenzake hazikuwa za mahaba tu. Zilizungumza mambo ya mji: dhuluma za wenye nguvu, hukumu zilizopotoka, hata habari ya mwanamke mgeni aliyeuawa, muuaji akatorokea bara ilhali wengine wakabaki kuadhibiwa. Waliokaa chumbani waliwajua waliotajwa. Wimbo ulipokwisha, mazungumzo yalianza; na yamkini mtu aliyekuja kustarehe alirudi nyumbani na jambo zito moyoni. Kwa mnunuzi wa santuri aliyekuwa mbali, wimbo uleule ulikuwa kitu kizuri kilichokamilika. Kwa waliokuwa chumbani ulikuwa neno lililowaelekea, nao walipaswa kujibu. Hapa ndipo ilipo tofauti, na haihusu uzuri wa sauti hata kidogo. Sauti iliyonaswa haimtazami mtu. Mwenye sauti humtazama.

Na tena, sauti iliyonaswa hutii. Jambo hili halina budi kufikiriwa sana, kwa kuwa tabia nyingi za msikilizaji wa leo zimezaliwa humo. Mwenye simu humwamuru mwimbaji aimbe usiku wa manane, naye huimba. Humkatiza katikati ya neno ili ajibu salamu ya jirani, naye hunyamaza bila ya kuudhika. Humrudisha nyuma mara kumi kwa ajili ya ubeti mmoja, naye hurudi. Hakuna mtumwa yeyote aliyepata kuwa mtiifu kiasi hicho. Kosa halimo katika kitendo chenyewe, kwa kuwa chombo si mtu na hakidhulumiki. Lakini mazoea ni mwalimu asiyepumzika. Mtu aliyeiamuru sauti miaka mitatu, siku atakapoonana na mwenyewe, atakuja na moyo wa nani? Wa mgeni, au wa bwana?

Na uchukuliwe mfano wa mwalimu kijana wa shule ya msingi huko Ugweno. Anampenda mwimbaji mmoja mwanamke, anayejitungia mashairi yake, anayejipigia gitaa lake, asiye na kampuni kubwa nyuma yake wala picha barabarani. Miongoni mwa nyimbo zake umo mmoja aliotunga juu ya kifo cha baba yake. Mwaka mwalimu alipofiwa na baba yake mwenyewe, wimbo huo ndio uliokaa naye usiku wakati waombolezaji walipokwisha kutawanyika. Sasa amepata habari kwamba mwimbaji ataimba Moshi, katika ukumbi wa watu sitini. Anaomba ruhusa, anashuka mlima mpaka Mwanga, anapanda gari, analipa kiingilio, analipa na mahali pa kulala. Kwa mshahara wake hilo si jambo dogo.

Usiku ule mwimbaji ana mafua. Anaimba nyimbo mpya ambazo hazijulikani, na za zamani amezibadilisha mwendo. Mtu mmoja nyuma anapaza sauti kuutaka wimbo wa baba. Mwimbaji anatabasamu, anasema, "Huo leo haumo," anaendelea na mwingine. Minong'ono inapita ukumbini. Watu watatu wanainuka na kutoka. Mwalimu hatoki, wala hasemi neno, lakini moyoni mwake anajiona amepunjwa. Ametoka mbali kwa ajili ya wimbo mmoja, na wimbo wenyewe amenyimwa.

Je, amepunjwa? Mwenye haraka atasema kwamba amepunjwa, kwa kuwa amelipa. Basi hapana budi ijulikane amelipia nini. Kiingilio hununua kiti, na saa chache za kazi ya mtu. Mwimbaji anayekipokea ana deni la kweli, wala asijifiche nyuma ya jina la usanii ili asililipe: afike kwa wakati, aje na akili zake, ajitahidi kwa kadiri ya nguvu alizo nazo siku ile, asiwadharau waliokuja hata kama ni wachache. Anayechelewa saa mbili kwa kiburi, au anayekuja amelewa, amewaibia watu. Lakini kiingilio hakikununua utii. Mwalimu alijiona amepunjwa kwa sababu alikuwa amezoea sauti isiyoweza kukataa. Alipokutana na kinywa kinachoweza kukataa, aliona uhuru wa mtu mwingine kama upungufu wa bidhaa.

Tena ufikiriwe wimbo wenyewe. Kwa mwalimu ni faraja. Kwa aliyeutunga ni nini? Ni baba yake. Santuri na simu zaweza kumzika baba huyo mara elfu bila ya machozi, mwanawe hawezi. Kumtaka auimbe kila jioni, katika kila mji, mbele ya kila mtu aliyelipa, ni kumtaka arudi makaburini kila jioni kwa bei ya kiingilio. Siku moja ataweza, na siku nyingine hataweza. Na anayejua siku hizo ni yeye peke yake.

Yuko atakayejibu kwamba mwimbaji ni fundi, na fundi haombolezi anapofanya kazi yake. Seremala atengenezaye jeneza halii juu ya kila ubao. Neno hili lina ukweli, nao waimbaji wengi huishi kwa ukweli huo: huimba huzuni ya mtu mwingine kwa ustadi, kisha hula chakula chao kwa amani. Aimbaye maneno aliyotungiwa ana ukuta kati yake na wimbo. Ajitungiaye mwenyewe, akasimama peke yake na chombo kimoja mbele ya watu sitini, hana ukuta huo, au ukuta wake ni mwembamba. Ndiyo sababu wasikilizaji wake humpenda kwa namna ya pekee. Humpenda kwa kuwa wanaamini anasema kweli. Basi si haki kumpenda mtu kwa sababu ya ukweli wake, kisha kumkasirikia anapokuwa mkweli kwamba leo hawezi.

Mila ya taarabu ina desturi iliyolifikiria jambo hili kabla ya wanafalsafa wa leo, nayo ni tunza. Wimbo unapomgusa mtu, huinuka kitini, hutembea taratibu mpaka mbele, humpa mwimbaji fedha mkononi ilhali wimbo unaendelea, kisha hurudi mahali pake. Tunza si kiingilio. Kiingilio hutolewa mlangoni kabla ya kusikia. Tunza hutolewa baada ya moyo kuguswa. Kiwango chake hakikutajwa, wala asiyetoa hafukuzwi. Na ajabu yake ni kwamba anayetunza huonekana na wote kwamba maneno yale ameyafanya kuwa yake: pengine ni jibu kwa jirani, pengine ni siri ya moyo ambayo hakuthubutu kuisema kwa kinywa chake. Kwa njia hiyo msikilizaji huumiliki wimbo kwa kweli, hata zaidi ya aliyeuimba, wala mwimbaji haibiwi kitu. Mmoja anakopesha maneno, mwingine anashukuru mbele ya mashahidi.

Hata hivyo desturi njema huharibika ikitumiwa na moyo mbaya. Anayekwenda mbele na fedha ili mwimbaji akatize wimbo wa wengine na kuanza wake hakutunza, amenunua. Fedha ni ileile na mkono ni uleule. Kilichogeuka ni kwamba shukrani imekuwa amri. Kipimo chake si kigumu. Anayeshukuru anaweza kurudi kitini hata kama hakupewa alichokitaka. Anayeamuru hawezi.

Sasa yafaa kuulizwa kwa nini udogo wa ukumbi una uzito katika jambo hili. Katika uwanja wenye maelfu, mtu mmoja ni tone la mvua. Akizungumza hasikiwi, akiondoka haonekani, na mwimbaji mwenyewe humwona kwa mbali kama sanamu yenye mwanga. Hapo hana wajibu mkubwa kwa kuwa hana nguvu kubwa. Katika chumba cha watu sitini mambo hugeuka. Kiti kitupu huonekana. Anayenong'ona husikiwa mpaka jukwaani. Usikivu wa kila mmoja ni sehemu ya kitu kinachofanyika mle, na uzembe wa kila mmoja hukipunguza.

Watu wa milima ya Upare wanajua vema kanuni ya kitu kidogo kinachotumiwa na wengi. Huko maji ya mlima tangu zamani hukusanywa katika mabwawa yaitwayo ndiva, yakafunguliwa kwa zamu yafuate mifereji mpaka mashambani. Bwawa hujazwa na chemchemi na mvua, lakini hulindwa na adabu. Anayefungua maji nje ya zamu yake hahitaji kuwa mwizi kwa tabia. Yatosha awe mtu aliyefikiria mahindi yake peke yake. Kimya cha ukumbi mdogo ni maji ya namna hiyo. Ni mali ya wote waliomo, na mtu mmoja aweza kuyakausha. Anayeinua simu yake juu ya vichwa vya wenzake ili anase wimbo mzima amejaza mtungi wake, na waliokaa nyuma wametazama mgongo wa simu. Na zaidi ya hayo, mwenye sauti yuko mbele yake, lakini yeye anajishughulisha kumgeuza tena kuwa sauti tupu ya kuwekwa mfukoni. Amesafiri mpaka kwenye chemchemi ili achote picha ya maji.

Hata hapa insafu yadai neno la upande wa pili. Si kila kunasa sauti ni choyo. Ugweno yenyewe ina lugha yake, Kigweno, ambayo wataalamu wa lugha wameiona kuwa jirani zaidi wa Kichaga kuliko wa Chasu, lugha ya Wapare walio wengi. Ni lugha ya watu wachache, iliyobanwa na Chasu upande mmoja na Kiswahili upande wa pili. Mzee anayejua nyimbo za lugha kama hiyo akifa bila ya kunaswa sauti yake, nyimbo huzikwa pamoja naye, na hakuna adabu ya ukumbi itakayozifufua. Anayemwendea mzee huyo na chombo, akaomba ruhusa, akakaa, akasikiliza, akamwachia na yeye nakala, amefanya wema kwa watu ambao hawajazaliwa. Tofauti kati ya mtu huyu na yule wa ukumbini haimo katika vyombo vyao. Mmoja ameomba, mwingine amechukua. Mmoja ananasa ili wengine wasikie, mwingine ananasa ili aseme kwamba alikuwapo, ilhali hakuwapo kwa ukamilifu.

Baada ya onyesho, mwalimu wa Ugweno anangoja karibu na mlango. Mwimbaji anafunga gitaa lake katika mfuko. Macho yake mekundu kwa mafua. Mwalimu anamsogelea, anasema, "Dada, wimbo wa baba ndio uliokuwa nami nilipomzika wangu." Mwimbaji anamtazama, anasema, "Pole sana, mwalimu wangu. Ahsante kwa kuja." Anamshika mkono, kisha anaitwa, anakwenda. Yamekwisha. Mwalimu anajua habari za moyo wa mtu yule kwa miaka mitatu. Mtu yule amemjua kwa dakika moja, na kesho atakuwa amemsahau.

Wengi huhuzunishwa na kutolingana huku, na baadhi yao huhuzunika mpaka wakafanya ubaya: humfuata mwimbaji nyumbani kwake, humwandikia matusi asipowajibu, hudai urafiki kana kwamba ni deni. Hao wamekosea hesabu. Kwa hakika deni lipo, lakini haliko upande wanaoufikiria. Ukoo wa Washana katika Ugweno ulisifika zamani kwa uhunzi, na chuma cha milima ile kilivuka nyika mpaka kwa Wachaga. Mkulima wa Uchagani aliyelima kwa jembe la Ugweno alikula jasho la mhunzi asiyemjua, wala hakudhani kwamba kwa kulima nalo amempata mhunzi kuwa ndugu wa kumwamuru. Alijua jembe ni lake, na mhunzi ni wa nafsi yake mwenyewe. Kwa wimbo, msikilizaji yapasa ajue hivyohivyo. Wimbo uliomfariji katika msiba ni wake, hawezi kunyang'anywa. Aliyeutunga si wake.

Lakini mfano wa jembe una mpaka. Mhunzi akiisha kuuza jembe hubaki mzima, na jembe halimkumbuki. Sauti inayoimbwa mbele ya watu hutoka katika pumzi za mtu, na pumzi hizo hazirudi. Huzeeka pamoja na mwili. Bi Kidude wa Unguja, ambaye habari zake zasema kwamba utotoni alijifunza kwa kumsikiliza Siti, aliimba mpaka uzee mkubwa, na alifariki tarehe 17 Aprili 2013. Waliomsikia miaka yake ya mwisho walisikia sauti iliyokwaruzwa na umri, yenye mapengo ambayo santuri za ujana haziwi nayo. Wako waliokwenda kumtazama kama maajabu ya umri. Wako pia waliosikia katika makwaruzo yale kitu ambacho sauti laini haiwezi kukisema. Wote walikuwa katika ukumbi mmoja na walilipa sawasawa, lakini wa kwanza waliona uzee, na wa pili waliona mtu mzee. Sauti iliyonaswa haizeeki kamwe, na kwa sababu hiyo haiwezi kumpa msikilizaji mtihani huu, ambao ndio mtihani wa mapenzi yote: kumkubali mtu alivyo leo, ilhali kumbukumbu yaonyesha alivyokuwa jana.

Siti binti Saad alifariki mwezi wa Julai 1950. Kabla ya kufa kwake alipata mgeni, Shaaban Robert, mshairi mzaliwa wa upande wa Tanga, aliyekwenda kuzungumza naye na baadaye akaandika wasifu wake. Santuri zilikuwapo tele. Mtu aliyetaka sauti tu angeweza kukaa kwake na kinanda. Yeye alitaka habari za mwenye sauti, na habari hizo zilikuwa kwa mwanamke mzee ambaye miaka yake ya sifa ilikuwa imepita. Kwa ziara hiyo watu waliozaliwa baadaye wamejua kwamba sauti ile ya bamba jeusi ilikuwa na Fumba yake, vyungu vyake, dharau alizozivumilia na majibu aliyoyatoa.

Basi jibu la swali laweza kusemwa. Aipendaye sauti bado hajampenda mwenye sauti. Amepewa tu sababu ya kumwendea. Akienda kama bwana aliyezoea kutiiwa, atarudi na malalamiko, hata kama ameimbiwa nyimbo zote alizozitaka. Akienda kama mgeni, atakubali mafua, mwendo uliobadilika na wimbo ulioachwa, wala hatahesabu kwamba amepoteza nauli yake. Maana kitu ambacho simu haikuweza kumpa amekipata, nacho ni mtu anayeweza kumkatalia. Haki yake ni kupewa kazi ya uaminifu kwa saa zile. Wajibu wake ni kunyamaza kwa zamu yake, kushukuru bila ya kuamuru, na kumwacha mwimbaji aende zake akapumzike.